Debe Mbili za Maji ya Mgeni

Jumatano, 2 Julai 1975

Korongoni tena. Nimetoka kabla ya adhana, nimerudi jua limeshawaka. Debe moja, na robo yake tope. Unafukua mchanga, unasubiri shimo lijae, unachota kata moja, unasubiri tena. Mwajuma na wifi yake wametukanana mbele za watu kwa ajili ya kata tatu za maji. Watu wa nyumba moja. Nimewakemea wote wawili, kisha nikachota kwenye shimo lao wakiwa bado wamenuniana. Sina haya siku hizi.

Zaina nimemwacha amelala. Mke wa mwanangu huyu, mimba yake ina miezi saba. Rajabu mwenyewe yuko Mnyuzi, anakata mkonge, anakuja mwisho wa mwezi. Mjukuu wangu wa kwanza huyo anayekuja. Nahesabu siku kuliko mama yake.

Mwaka wa pili sasa tangu tuhamishiwe hapa. Kule tulikotoka kulikuwa na kisima, alikichimba babu yake marehemu mume wangu. Hapa tuna barabara, mlingoti wa bendera na ofisi ya bati. Walisema maji yatafuata.

Jumanne, 8 Julai

Barua ya tatu imerudi.

Tunaomba serikali fedha za lambo. Bonde lipo hapo chini ya shule, mvua ikinyesha maji yote yanapita pale na kwenda zake. Tunataka ukuta wa kuyazuia. Majembe tunayo, mikono tunayo. Hatuna tingatinga, hatuna saruji. Lazima lambo liwe tayari kabla ya vuli. Vuli ikipita hivi hivi, ni mwaka mwingine wa korongo.

Karani wa kamati ya maji ni mimi. Nilifika darasa la nne, shule ya shambani, wakati baba yangu akikata mkonge. Wanaume wa kamati kazi yao kusema. Wakimaliza kusema wananiangalia, ndiyo maana yake Mama Rajabu andika.

Barua ya kwanza bomani Handeni walisema haikupitia ofisi ya kata. Ya pili ilipitia kata, wakasema haina muhtasari wa kikao. Ya tatu ina muhtasari, ila muhuri hausomeki. Wino umekauka. Kijiji kizima hakuna tone la wino wa muhuri. Nimecheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki peke yake.

Ijumaa, 11 Julai

Unga wa mahindi ya njano umefika, ule wa msaada tunaouita yanga. Tumepanga mstari. Wengine wanaona aibu kula chakula cha msaada, mimi naona njaa. Lakini unga bila maji utausonga na nini? Na mate?

Nimemwambia mwenyekiti wetu, Mzee Semndili, kwamba naenda Korogwe mwenyewe kwa wakubwa wa maji. Amesema utaratibu ni kusubiri. Nimemjibu utaratibu haunywiwi. Mtu mwema, lakini anaiogopa karatasi yenye nembo kuliko simba.

Jumatatu, 21 Julai

Masuguru, hapa hapa Korogwe mjini, kwa kaka yangu Athumani. Lori la magunia ya makopa ya muhogo mpaka Segera, pale nimekaa juani toka asubuhi hadi alasiri. Wauza machungwa wanapiga kelele, magari ya Tanga, ya Arusha, ya Dar es Salaam, yote yamejaa. Mwisho kapita dereva anayemjua Athumani.

Hapa kwake kuna bomba uani. Nimelifungua, nikalifunga. Nikalifungua tena. Wifi yangu amedhani nimepotewa na akili. Nimeoga mara mbili kwa siku moja na nimejichukia.

Jumanne, 22 Julai

Nimeshinda! Acha niandike kwa utulivu.

Nilibeba chupa ya soda yenye maji ya korongoni, imezibwa kwa gunzi. Bwana mipango, mgawaji wa mafungu ya fedha, alikuwa pale ofisi ya maji, amekuja kutoka mkoani. Karani wa mlangoni akasema hana nafasi. Nikasema shikamoo kwa kila mtu aliyepita, hata wadogo zangu, mpaka wakachoka kuniona. Nikaingizwa.

Sikutoa barua. Nilitoa chupa, nikaiweka mezani juu ya mafaili yake. Nikamwambia, "Ndugu, hiki ndicho tunachokunywa." Akaitikisa, akaiinua dirishani. Rangi ya chai ya maziwa, na kidudu kinaogelea. Alibadilika uso. Akasema mwaka huu fungu la lambo lililobaki ni la kijiji kimoja tu, na vijiji vinavyoliomba ni viwili. Sisi na wenzetu wa upande wa pili wa wilaya. "Nitakuja kuona kwa macho yangu, mama. Nikiona hali ni hii, fungu ni lenu."

Ni lenu, amesema. Nimerudi kwa Athumani nikitembea kama msichana.

Jumapili, 3 Agosti

Barua imekuja. Bwana mipango atatutembelea Alhamisi, tarehe 14. Mzee Semndili ameisoma mara nne kwa sauti mbele ya ofisi. Zaina amenishika mkono na kuuweka tumboni kwake. Mtoto alipiga teke. Nikamwambia huyu atakunywa maji ya lambo.

Jumanne, 5 Agosti

Kikao cha mapokezi. Makuti ya kupamba lango, ngoma, mbuzi wawili, akina mama wavae sare za khanga. Yote yamepita haraka. Kisha likaja suala la maji.

Bibi Mwanjaa, mkunga wetu, alikuwa amekaa na kopo lake la ugoro. Akasema, "Si anakuja kuona shida? Mpeni haya haya tunayokunywa. Aoshe nayo mikono, ale." Watu wakapiga kelele. Mgeni wa serikali anyweshwe tope! Nami nilisimama. Nimepiga kelele kuliko wote. Nilisema mgeni njoo mwenyeji apone, mgeni haaibishwi, na sisi si washenzi. Nilisema maji ya tope alishayaona kwenye chupa, anajua tayari. Walinipigia makofi.

Imepitishwa hivi: kila nyumba debe mbili za maji safi kutoka chemchemi ya mlimani, yajazwe kwenye mapipa sita mbele ya ofisi. Maji ya kunywa, ya kunawa, ya kupikia, na ya kumwagia uwanja vumbi lisimwingie mgeni. Kwenda mlimani na kurudi ni nusu siku. Debe moja kwa safari.

Orodha nimeandika mimi. Karani nimesamehewa kubeba, kwa sababu naandika risala. Kwa nyumba yetu likabaki jina la Zaina. Mwajuma akaniuliza kwa sauti ya kuchokoza, "Na mkweo je, Mama Rajabu? Au tumbo la kwako ni tukufu?" Wake wengine wawili wenye mimba walikuwamo kwenye orodha. Nikasema Zaina ataleta kama wengine. Sitaki kusikia kwamba karani anapendelea nyumba yake.

Bibi Mwanjaa alifunga kopo lake la ugoro, akaondoka.

Jumatano, 13 Agosti

Zaina ameleta debe ya kwanza. Alifika miguu imevimba. Amekunywa uji, amelala. Nimemwuliza kama ataweza ya pili kesho alfajiri. Akasema, "Nitaweza, mama." Hakuna kitu kingine angesema. Mtoto wa watu huyu hajawahi kunijibu hapana tangu aolewe.

Nilifikiria kwenda mimi. Risala bado. Mzee Semndili anataka ianze na mafanikio, ndivyo risala zinavyoanza. Shamba la ushirika, darasa la kisomo, vyoo, mlingoti. Maombi yanakuja mwisho. Nimenakili mara tatu kwa mwandiko mzuri.

Mapipa matano yamejaa. Yanang'aa. Sijaona maji mengi hivi tangu tuhamie.

Alhamisi, 14 Agosti

Siwezi kuandika yote. Nitaandika ya mgeni kwanza.

Alikuja saa tano, Landrova mbili. Vigelegele. Uwanja umemwagiwa maji, hauna vumbi. Alinawa, akapewa bilauri, akanywa, akaomba nyingine. Nilimwona anayatazama mapipa. Sita, yamejaa hadi ukingoni, yamefunikwa majani ya migomba. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba ameyaona.

Nikasoma risala. Mafanikio peke yake kurasa mbili na nusu. Nilipofika kwenye maji alikuwa anaangalia saa, wameshamnong'oneza kwamba safari bado ndefu. Akasimama. Akasema ametembea vijiji vingi na hajapokelewa hivi. Akasema kwenye ile chupa pengine alioneshwa hali ya siku mbaya, lakini leo ameona kwa macho yake, kijiji hiki kina maji safi kuliko anayokunywa yeye mjini. Akatupongeza kwa kujitegemea.

Na watu wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Wale wale waliobeba.

Nilimkimbilia garini, khanga ikanidondoka. Nikamwambia ndugu, yale maji tumeyabeba, tumeyabeba kichwani siku nzima kwa ajili yako. Korongo liko hapo chini, twende ukaone, dakika chache tu. Alitabasamu kwa upole kabisa. "Andika barua, mama." Gari likaondoka.

Sasa ya nyumbani. Zaina alirudi na debe ya pili mgeni alipokuwa anakula. Aliimimina pipani, akawekewa alama yake, akaenda nyumbani peke yake. Hakuna aliyemtazama usoni. Niliporudi na hasira zangu nilimkuta amekaa sakafuni ameshika mlango. Maji yalikuwa yameshamtoka. Bibi Mwanjaa yuko naye sasa. Kaniambia nitoke nje, nahema vibaya.

Ijumaa, 15 Agosti

Msichana. Hakulia.

Nywele nyingi. Vidole vyote.

Bibi Mwanjaa akaomba maji ya kumwosha. Ndani kulikuwa na yale ya korongoni, nusu ndoo, tope tupu. Nikaenda ofisini na debe. Mapipa yalikuwa yamebaki karibu manne. Watu hawakuyagusa, waliona ni ya mgeni. Nikachota. Hakuna aliyenizuia. Maji meupe kabisa, unaona mpaka chini.

Ameoshwa. Kipande cha bafta ya sanda kilitosha na kikabaki. Kwa kuwa hakulia hakuswaliwa. Shimo dogo, Mzee Semndili mwenyewe alishika jembe.

Mtu mmoja pale akasema majuto ni mjukuu. Alikuwa anazungumzia mgeni na lambo, najua hakukusudia. Nilimwambia afunge mdomo wake. Nilimwambia mbele ya kaburi.

Jumapili, 17 Agosti

Rajabu amefika, ujumbe alipewa na dereva wa lori. Hakuniuliza kitu. Aliuliza watu wengine, nao wakamweleza. Orodha bado imebandikwa mlangoni mwa ofisi kwa mwandiko wangu, na mbele ya jina la Zaina kuna alama mbili za kutimiza.

Nilitaka anitukane. Mwanangu hana tabia ya kutukana.

Jumatano, 20 Agosti

Wameondoka. Amempeleka Mnyuzi. Kule kambini kuna bomba, amesema. Hilo tu. Zaina alinipa mkono, akasema, "Kwaheri, mama." Macho yalikuwa chini. Ameacha mtungi wake, haukuweza kupanda kwenye lori.

Maji ya mapipa yale yamekwisha. Watu waligawana juzi. Mwajuma aliniletea ndoo moja, akaiweka mlangoni bila kubisha hodi.

Jumamosi, 30 Agosti

Jibu limekuja. Safari hii halikuchelewa. Wametupongeza kwa usafi, mapokezi na moyo wa kujitegemea. Wametuita kijiji cha mfano. Fungu limeelekezwa kwa wenzetu wa upande wa pili, ambako, wameandika, hali ya maji ni mbaya zaidi.

Nimesikia habari za mapokezi yao. Mgeni alifika hakuna mtu uwanjani. Wanawake wote walikuwa hawajarudi kutoka korongoni. Walimpa kiti na wakamwomba radhi hawana cha kumnywesha. Basi. Sina chuki nao, nao wana wakwe.

Mzee Semndili amesema barua yetu ya pongezi ina nembo na sahihi, iwekewe kioo itundikwe ofisini. Nilidhani anatania. Alikuwa ameshaagiza fundi.

Niliwaambia kamati kwamba nimejiuzulu ukarani. Wakauliza, sasa nani ataandika barua ya kujiuzulu kwako? Nikaiandika.

Jumatano, 10 Septemba

Ramadhani. Kufunga na korongo havipatani. Leo mwanamke mmoja ameanguka njiani, wamemmwagia yale maji aliyoyabeba mwenyewe ili azinduke. Alipozinduka aliyalilia maji yake.

Bibi Mwanjaa amekuja baada ya futari. Kakaa, kanusa ugoro, kapiga chafya mara tatu. Akasema andika tena. Nikasema siandiki. Akasema, "Ulikosea, Mama Rajabu. Tulikosea wote, ila wewe ulikosea kwa sauti kubwa." Nikasema najua. Akasema basi andika kwa sauti hiyo hiyo.

Nimemfukuza. Kwa adabu, lakini nimemfukuza. Kalamu ninayo ya hili daftari tu. Kuwaandikia wao nitasema nini? Kwamba tulidanganya? Hatukudanganya. Tulimpa mgeni kilicho chetu kizuri, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Anayekwenda kuomba inabidi afike na uchafu wake wote usoni, na sisi hilo hatujui kulifanya. Tungekufa kwa aibu. Badala yake amekufa asiyehusika.

Jumatatu, 13 Oktoba

Vuli imeanza. Mvua kubwa jana alasiri, kubwa sana. Watu walitoka na kila chombo, sufuria, masinia, hata beseni la kuogeshea maiti la msikitini.

Nilishuka mpaka bondeni chini ya shule. Wengine walikuwapo tayari, wamesimama ukingoni. Maji yalipita pale pale tulipoweka vigingi vya lambo mwaka jana, mekundu, mengi, yana nguvu ya kubeba ng'ombe. Yalipita muda mrefu. Vigingi viwili vimeng'oka vikaenda nayo. Jua lilipotoka tukarudi.

Leo asubuhi bonde ni matope tu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeamka alfajiri, nikachukua debe, nikaenda mlimani. Hakuna aliyenituma. Maji ya mvua yapo kila nyumba kwa siku chache hizi, hata wenzangu walinishangaa.

Nilitaka kujua.

Kupanda si kazi. Kazi ni kushuka, debe iko kichwani na kokoto zinateleza. Nimepumzika mara sita. Pa mwisho ni pale kwenye mawe mawili kabla ya shamba la shule, ambapo mtu akiketi anauona uwanja wa ofisi wote. Nadhani na Zaina aliketi pale. Angesikia ngoma na vigelegele. Pengine alinisikia nasoma mafanikio.

Nimefika adhuhuri, shingo haigeuki. Nimesuuza mtungi wa Zaina, nikamimina. Debe moja. Haukujaa.

Kesho nitaleta ya pili.